Uwanja Haufundishi Badala ya Mwalimu

Wanachuo wanaporudi kutoka mazoezi ya kufundisha, taarifa zao juu ya kipindi cha michezo hufanana mno. Kipindi kilikuwamo katika ratiba lakini hakikufundishwa, na sababu itolewayo ni moja: shule haina uwanja wala vifaa. Hoja hii imezoeleka kiasi kwamba hakuna aihojiye tena. Sisi twaona kuwa wakati umefika wa kuipima. Na njia njema ya kuipima si kuitazama shule isiyo na kitu, bali kupatazama mahali palipo na kila kitu, ili tuone ni jambo gani hasa lililopapatia sifa.

Tumechagua Chuo Kikuu cha Oregon, kilichoko katika mji wa Eugene, magharibi ya Marekani. Uwanja wake wa riadha, uitwao Hayward Field, ulianza kutumika mwaka 1919 kwa mpira wa Kimarekani, na njia ya kukimbilia ikaongezwa mwaka 1921. Ulipewa jina la Bill Hayward, aliyefundisha riadha chuoni hapo kwa zaidi ya miaka 40. Mwaka 2018 majukwaa ya kale yalibomolewa, na mahali pake pakajengwa uwanja mpya uliokamilika mwaka 2020. Uwanja huo una viti vya kudumu zaidi ya 12,000, njia 9 za kukimbilia, mahali pa mazoezi ya ndani chini ya majukwaa, vyumba vya tiba na maabara ya uchunguzi wa miili ya wanariadha. Fedha nyingi zilitolewa na wafadhili binafsi, wakiongozwa na Phil Knight, mwanafunzi wa zamani wa chuo hicho na mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Nike. Mwaka 2022 mashindano ya riadha ya dunia yalifanyika hapo, na ndipo Faith Kipyegon wa Kenya alipotwaa nishani ya dhahabu katika mbio za mita 1,500.

Mtu akisikia hayo ataweza kusema: basi, si ajabu kwamba wanashinda, nasi tungepewa nusu yake tungeshinda pia. Lakini tukifuata tarehe, hoja hiyo yaanguka. Sifa ya Oregon ilitangulia jengo hili kwa miaka mingi. Aliyeijenga zaidi ni Bill Bowerman, aliyewafundisha wakimbiaji wa chuo hicho tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwaka 1972. Katika muda huo timu yake ilitwaa ubingwa wa vyuo vikuu vya Marekani mara 4: mwaka 1962, 1964, 1965 na 1970. Kwa sehemu kubwa ya kipindi hicho wanafunzi wake walikimbia juu ya vumbi la makaa lililoshindiliwa, lililogeuka matope mvua iliponyesha; na Eugene ni mji wa mvua.

Bowerman hakupenda kuitwa kocha. Alijiona kuwa ni mwalimu. Tukichunguza kazi yake twaona kuwa jina hilo lilimstahili. Alishika kanuni kwamba siku ya mazoezi magumu ifuatwe na siku ya mazoezi mepesi, kwa sababu mwili hujijenga unapopumzika. Wakati ambapo wengi waliamini kuwa kuzidisha ndiko kufaulu, yeye aliwazuia wanafunzi wake wasizidishe. Hakuwapa wote kipimo kimoja, bali alimtazama kila mmoja na uwezo wake. Viatu vilipokuwa vizito alijishughulisha kuvitengeneza mwenyewe, hata akamimina mpira wa maji katika chuma cha jikoni cha kuokea mikate ya vishimo-vishimo, apate soli nyepesi iumayo ardhi. Hayo yote, yaani kumjua mwanafunzi, kupanga hatua na kubuni zana kutokana na kilichopo, ni mambo ambayo kila mwanachuo hufundishwa katika somo la njia za kufundisha.

Tendo lake litugusalo zaidi, hata hivyo, halikuwahusu mabingwa. Mwishoni mwa mwaka 1962 alisafiri kwenda New Zealand, na huko alimkuta Arthur Lydiard akiwakimbiza wazee na watu wa kawaida polepole, kwa afya na furaha. Aliporudi aliwaalika raia wa Eugene waje uwanjani mwaka 1963. Walikuja wachache, kisha wakaja wengi: akina mama wa nyumbani, makarani, watu wa makamo wasiowahi kushindana na mtu. Kipimo alichowapa hakikuhitaji saa wala mashine. Mtu akimbie kwa mwendo ambao aweza kuzungumza na mwenzake. Akishindwa kuzungumza, apunguze. Mwaka 1967 alitoa kitabu juu ya mbio hizo pamoja na daktari wa moyo, W. E. Harris, nacho kilisaidia kuieneza desturi hiyo Marekani nzima. Twaamini kuwa huo ndio ushindi wake mkubwa, ingawa haukuletewa kikombe.

Mfano wa pili uko karibu nasi. Mwaka 1976 Colm O'Connell, bruda kutoka Ireland, alifika katika shule ya St Patrick's, Iten, nchini Kenya, ili kufundisha jiografia. Hakuwa amesomea ukocha wa riadha. Alijifunza kwa kuwatazama vijana wakikimbia, kuwauliza na kuandika aliyoyaona. Katika shule hiyo alipita Peter Rono, aliyeshinda mita 1,500 katika Olimpiki ya mwaka 1988. Huko nako kulikuwa na vumbi, vilima na mwalimu mwenye macho.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kwamba vifaa si kitu, wala hatuwapi wenye madaraka udhuru wa kuziacha shule bila kiwanja. Mtoto arukaye juu na kuangukia ardhi ngumu ataumia, na hakuna njia ya kufundisha itakayoulainisha udongo huo. Shule iliyojengwa bila eneo la kuchezea imepungukiwa, na ni wajibu wa walimu na wazazi kusema hivyo bila hofu. Tunachokataa ni kuufanya upungufu huo kuwa likizo ya mwalimu.

Wala vifaa vingi si kinga dhidi ya ufundishaji mbaya. Mwaka 2021, uwanja mpya ukiwa umekwisha kukamilika, wanariadha wa kike 6 wa Oregon waliliambia gazeti la huko kwamba kupimwa mafuta ya miili yao mara kwa mara kwa mashine kuliwadhuru katika ulaji na katika jinsi walivyojiona. Wengi wao walikuwa wamekwisha kuiacha timu. Mashine ilikuwa ya kisasa kabisa. Swali ambalo mashine haikuweza kulijibu ni kama binti aliyesimama mbele yake alikuwa mtu au tarakimu. Mwalimu wa shule ya msingi asiye na mashine yoyote aweza kutenda kosa hilo hilo kwa neno moja tu la dhihaka juu ya unene au wembamba wa mtoto mbele ya wenzake.

Kuna jambo jingine tunalopaswa kujifunza Marekani, nalo si la matofali. Mwaka 1972 nchi hiyo ilitunga sheria iliyokataza ubaguzi wa kijinsia katika taasisi za elimu zinazopokea fedha za serikali. Kabla ya hapo, katika mwaka wa masomo wa 1971–72, wasichana walioshiriki michezo ya mashindano katika shule za sekondari hawakufika 300,000. Baada ya miongo michache walizidi 3,000,000. Miili ya wasichana haikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba waliruhusiwa na wakapewa zamu. Mwanachuo na ajiulize: katika kipindi changu, mpira ulikuwa mikononi mwa nani, na nani alikaa kando akishika masweta ya wenzake?

Hapa twafika kwenye kiini cha maoni yetu. Chuo kikuu huchagua. Huwatafuta vijana waliokwisha kukomaa, hata ng'ambo ya bahari. Henry Rono wa Kenya alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Washington State alipovunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Suleiman Nyambui wa Tanzania alikimbilia Chuo Kikuu cha Texas kilichoko El Paso, na mwaka 1980 akapata nishani ya fedha ya mita 5,000 huko Moscow. Vyuo hivyo viliyavuna matunda. Miti ilikuwa imepandwa na kumwagiliwa kwingine. Shule ya msingi ndiyo shamba, na mkulima haimwagilii miche michache iliyorefuka akaiacha mingine ikauke. Walakini ndivyo tufanyavyo msimu wa UMITASHUMTA unapokaribia: watoto 15 huchaguliwa na kupewa mazoezi kila jioni, na mamia waliobaki hugeuka kuwa washangiliaji. Kuiga chuo kikuu katika jambo hili ni kuiga kisichotuhusu.

Basi mwalimu afanyeje? Na aanze kwa hesabu. Darasa lina wanafunzi 80, mpira mmoja na dakika 40. Wakipanga mstari, kila mmoja atapata nusu dakika, na muda uliobaki ataungoja. Wakigawanywa katika vikundi 8 vya watoto 10, kila kikundi kikiwa na mpira wake wa matambara uliofungwa kwa kamba na watoto wenyewe, kila mmoja atapata dakika 4. Uwanja ni ule ule na mwalimu ni yule yule, lakini mazoezi yameongezeka mara 8. Hakuna fedha iliyotumika isipokuwa fikra.

Pili, na atumie michezo ambayo watoto wanaijua. Rede hufundisha kulenga, kukwepa na kukimbia kwa ghafula. Kuruka kamba hujenga pumzi na mapigo ya pamoja. Kombolela huwatembeza watoto umbali ambao wangekataa kuukimbia kwa amri ya filimbi. Tatu, na apime maendeleo ya mtoto dhidi ya jana yake. Mtoto aliyezunguka mti wa mwisho mara 2 mwezi uliopita na leo amezunguka mara 3 amefaulu, hata kama amefika wa mwisho. Nne, na aandike andalio la somo la michezo kwa uangalifu ule ule autumiao katika hisabati, lenye shabaha, hatua na tathmini. Maana somo lisiloandaliwa ndilo la kwanza kuporwa wakati mitihani inapokaribia. Tano, asiutumie mchezo kuwa adhabu. Mtoto aliyezungushwa uwanja kwa kosa la kuchelewa amefundishwa kwamba kukimbia ni mateso, na fundisho hilo hukaa sana.

Mwanachuo atakapopelekwa shule yake ya kwanza, pengine atakuta kiwanja chenye mawe, au ua mwembamba kati ya madarasa mawili. Asisubiri jukwaa. Na aokote mawe hayo pamoja na watoto, achore mistari kwa majivu, kisha awahesabu wanafunzi wake na kujiuliza ni wangapi watatoka jasho leo. Jibu likiwa ni wote, kipindi kimefundishwa.