Wape wanafunzi kalamu, si mistari ya kukariri

Nikikuuliza unakumbuka nini kuhusu Echoes of War, najua utataja vitoa machozi. Poa. Sasa niambie, siku ile ulisikia hata mstari mmoja wa igizo lenyewe? Hukusikia. Aprili 10, 2025, wasichana wa Butere Girls walipanda jukwaani kule Kirobon, Nakuru, na hawakuigiza. Mahakama Kuu ilikuwa imeagiza waruhusiwe, lakini mtunzi wao, Cleophas Malala, alikuwa amekamatwa, na nje polisi walikuwa wanatawanya watu. Wakaimba wimbo wa taifa, wakashuka, wakaenda zao.

Sehemu hiyo haikuwa kwenye muswada. Na ndiyo Kenya nzima inaikumbuka.

Serikali ilihoji mwanasiasa asiye mwalimu anafanya nini na igizo la shule. Watu wa mtandaoni waliicheka, lakini mimi naona swali lenyewe halikuwa baya. Kilichokuwa kibaya ni jibu, kwa sababu ukishauliza nani anawaandikia watoto, huwezi kumaliza mjadala kwa kutuma polisi.

Kama ulipitia klabu ya drama unaijua hii stori. Shule yenye pesa inakodi mtunzi, inakodi na trena wa kuwanoa. Wewe unapewa karatasi, unakariri. Mnaanza kaunti ndogo, mnapanda kaunti, kanda, halafu taifa. Mkishinda, mwalimu mkuu anatabasamu kwenye picha. Mkiangushwa, mavazi yanarudi stoo na klabu inalala mpaka msimu mwingine. Hakuna mahali popote ulipoulizwa: wewe mwenyewe ungependa kusema nini?

Shule isiyo na za kukodi watu nayo inashindana na kalamu ya mtu mzima aliyebobea, halafu tunaambiwa ni mashindano ya wanafunzi. Kwa kweli?

Sasa kuna mzazi atasema ukimpa mwanafunzi kalamu ataandika uchochezi. Mzazi, tulia kidogo. Kigogo cha Pauline Kea kilitahiniwa kwenye KCSE. Mle ndani kuna Majoka, mtawala anayefunga soko la watu wake, na vijana kina Tunu na Sudi wanaosimama kumpinga. Watoto wako waliandika insha kueleza udhalimu wake wakapewa alama. Kama mwanafunzi anaruhusiwa kumchambua dikteta kwenye karatasi ya mtihani, ataharibika vipi akimwandika mwenyewe?

Tena hatujaanza jana. Mwaka wa 1977 wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, Limuru, walishiriki kutengeneza igizo lao na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali ikalipiga marufuku, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini bila kesi. Mwaka wa 2013, Butere hao hao walizuiwa kupeleka Shackles of Doom kwenye fainali za taifa, mpaka mahakama ikaingilia. Siku hizi tuna Katiba, na Kifungu cha 33 kinataja uhuru wa ubunifu wa kisanaa waziwazi. Hakisemi uhuru huo unaanza baada ya Kidato cha Nne.

Na usiniambie hawa watoto hawajui kuandika. Juni 2024 ni vijana waliochukua Mswada wa Fedha, uliojaa vifungu vya kisheria, wakaufafanua kwa video fupi na lugha za nyumbani mpaka bibi kijijini akaelewa. Huo ni utunzi. Mimi chuo sikumaliza, na kazi ninayofanya leo ni kupanga maneno ili mtu asichoke kusoma. Ustadi huo haukutoka kwa kukariri mistari ya mtu.

Mfumo mpya wa elimu una mkondo wa sanaa na michezo katika shule ya sekondari ya juu, na kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026. Mwanafunzi akiwekwa kwenye mkondo huo halafu kazi yake iwe kukariri, tumembadilishia sare tu.

Mimi napendekeza mambo mawili. Kwanza, tamasha litenge alama kwa muswada ulioandikwa na wanafunzi, na majina yao yasomwe jukwaani kabla ya igizo kuanza. Pili, mtunzi wa kukodi aje kama mwalimu wa wiki mbili: awafunze kujenga mhusika, kuandika mazungumzo, kukata maneno ya ziada, halafu arudi kwake. Maigizo ya kwanza yatakuwa mabovu, na hiyo ni sawa. Hata timu ya kandanda ya shule hufungwa mabao matano na hakuna anayewakodia Harambee Stars wawachezee.

Wewe uliyekuwa drama, msimu ujao ukialikwa shule yako ya zamani kusaidia, usiende na igizo lililokamilika. Nenda na madaftari matupu. Waulize ni nini kinawaudhi pale shuleni, nyumbani, mtaani. Halafu nyamaza, waandike.