Mwalimu, Uliza Kwanza

Kila mwaka tunaambiwa vijana wa Kenya hawapendi kusoma. Si kweli. Wanachokichoka ni kujazwa kama magunia ya mahindi.

Ukitaka ushahidi, kumbuka jinsi wengi wetu tulivyofundishwa tamthilia ya Kigogo ya Pauline Kea. Mwalimu anaingia, anafungua mwongozo, anaandika ubaoni: "Maudhui: uongozi mbaya." Mnanakili. Mchezo wenyewe haujaanza kusomwa na tayari umeuawa.

Sasa jaribu hivi. Vitabu vikiwa bado vimefungwa, mwalimu aulize: "Nani ameona kanjo wakibeba mzigo wa mchuuzi? Soko la kwenu likifungwa kesho, nani atalala njaa?" Darasa litawaka. Kila mtu ana shangazi, jirani au mama anayeuza kitu mahali. Baada ya hapo ndipo aseme: "Haya, fungueni. Kuna soko linaitwa Chapakazi, na kuna jamaa anaitwa Majoka aliyelifunga." Hata wale wa viti vya nyuma watasoma.

Hii si porojo ya kupoteza wakati. Mwaka 1972, wanasaikolojia wa Marekani John Bransford na Marcia Johnson waliwasikilizisha watu kifungu kilichoeleza kazi fulani bila kuitaja. Walioambiwa mapema kwamba ni habari ya kufua nguo walielewa na kukumbuka mengi zaidi. Walioambiwa baada ya kusikiliza hawakufaidika. Kuchelewa ndiko kulikowaponza, na sisi tunachelewa kila siku.

"Silabasi ni ndefu," utasema. Ni ndefu kweli, na madarasa yamefurika. Lakini kipindi kina dakika 40, na maswali mawili yatakula tano. Usipozitoa leo, utazilipa kwa kurudia maudhui yaleyale muhula mzima.

"Watasema mambo ya uongo." Wacha waseme. Kosa lililotamkwa, kitabu kitalisahihisha. Lililofichwa litaibukia kwenye karatasi ya tatu ya KCSE.

Mimi naona hofu ni nyingine. Ukiuliza, unakubali kwamba mtoto wa Mathare anajua kuhusu dhuluma jambo ambalo mwongozo wako haulijui. Halafu na yeye ataanza kukuuliza maswali.

Sawa tu. Jumatatu, acha mwongozo kwenye chumba cha walimu. Ingia na maswali mawili, kisha unyamaze usikilize.