Taya la mtoto likivimba, tusiishie kung'oa jino

Naomba niseme jambo linalotugusa sisi wa Rungwe. Kirusi cha Epstein-Barr wengi wetu hukipata utotoni kupitia mate, kisha hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu maisha yote. Malaria ya mara kwa mara, au VVU, huchosha kinga ya mwili na kukiamsha. Hapo ndipo baadhi ya watoto hupata saratani ya Burkitt, inayovimbisha taya au tumbo. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akiwa Mulago, Kampala. Safari yake ya 1961 ilionyesha kuwa ni adimu kwenye miinuko yenye baridi. Lakini sisi wa Kyimo, huku kwenye miinuko ya Rungwe, tusijidanganye: watoto wetu hushuka Kyela kwa bibi zao, kwenye joto na mbu. Walale ndani ya chandarua. Na ndugu wazazi, uvimbe huu hukua kwa kasi, ila hutibika vizuri kwa dawa za saratani ukiwahiwa. Jino likishang'olewa na taya bado linavimba, daini rufaa kwenda Mbeya siku hiyo hiyo.