Ukiona Vyaelea

Kuna maneno ambayo yamekuwa kama wimbo katika nchi yetu, na mimi nimechoka kuyasikia. Mtu akienda Japani kwa semina ya wiki mbili, akirudi hutuhutubia: "Wenzetu Wajapani wameumbwa na nidhamu. Hotelini kwao hukuti hata unywele sakafuni. Sisi uvivu uko damuni." Waliomzunguka hutikisa vichwa kwa kukubali, kisha mmoja wao humgeukia mtumishi na kumfokea kwa kuchelewesha chai. Maneno hayo niliyasikia mara ya mwisho barazani kwa mjomba wangu, mjini Moshi, ambaye ana nyumba ya wageni yenye vyumba kumi na viwili. Siku ile nilinyamaza kwa sababu ya umri wake. Leo najibu, na namwomba radhi kabla sijaanza.

Najibu kwa kuwa vyumba hivyo vya Kijapani visivyo na unywele sakafuni nimevisafisha mimi.

Nilikuwa mwanafunzi huko. Sheria yao humruhusu mwanafunzi wa kigeni, akishapata kibali, kufanya kazi saa 28 kwa wiki, na katika likizo ndefu hadi saa 8 kwa siku. Likizo yetu ndefu iliangukia Februari na Machi, ndiyo miezi ya theluji. Basi mwaka 2024 nikapanda treni hadi Kutchan, mji wa watu wapatao 15,000 katika kisiwa cha Hokkaido. Wakati wa kiangazi mji huo hulima viazi. Wakati wa baridi huishi kwa theluji. Upepo hutoka Siberia, huvuka Bahari ya Japani ukichota unyevu, na ukigonga milima ya Niseko huumwaga kama theluji kavu, nyepesi mfano wa unga. Kwa ajili ya unga huo watu hutoka Australia, Hong Kong, Singapore na kwingineko kuja kuteleza. Ng'ambo ya bonde umesimama mlima Yotei, mita 1,898, umechongoka na kujifunika weupe. Mtu wa Moshi akiutazama asubuhi, koo humkaba kidogo.

Hoteli niliyofanyia kazi sitaitaja. Kila siku saa mbili na nusu asubuhi wasafishaji wa vyumba tulikusanyika katika chumba cha chini, kando ya mashine za kufulia. Tulikuwa kumi na wanne. Wajapani walikuwa watatu tu, na mmoja wao ndiye msimamizi wetu, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo. Wengine walitoka Nepal, Vietnam na Taiwan. Walikuwapo vijana wawili wa Australia waliotafuta nauli ya kuendelea kuteleza. Na mimi Mchaga. Hao ndio waliotengeneza unadhifu wa Kijapani unaosimuliwa barazani kwetu.

Siku moja mgeni mmoja aliacha kadi juu ya mto. Aliandika kwamba amezunguka dunia nzima na hajapata kuona usafi kama ule, na kwamba usafi ule ni roho ya Kijapani. Chumba kile tulikisafisha wawili, mimi na dada mmoja wa Kinepali. Nilipomsomea kadi ile alicheka mpaka akakaa chini, kisha akaniambia niitunze. Ninayo hadi leo.

Sasa na tuulize: kama nidhamu iko katika damu, ilitiwaje katika damu ya Mnepali na ya Mchaga kwa muda wa wiki tatu? Haikutiwa damuni. Tulifundishwa. Siku ya kwanza nilitandika kitanda kwa dakika ishirini na tano, nikajiona fundi. Msimamizi akakitazama, akavuta mashuka yote, akakibomoa. Hakunifokea, wala hakunitajia kabila langu. Alikitandika yeye mwenyewe polepole huku nikitazama, akakibomoa tena, akanipa shuka. Alirudia hivyo kwa siku tatu, na siku hizo tatu za kujifunza nililipwa sawa na siku nyingine.

Kisha vilikuwapo vifaa. Kila jozi ya wafanyakazi ilikuwa na toroli lake, na torolini vitambaa vya rangi mbalimbali: cha choo hakigusi sinki, cha sinki hakigusi bilauri. Ilikuwapo karatasi yenye orodha ya kila jambo la kutazamwa chumbani, kuanzia taa ya mlangoni hadi tundu la maji bafuni, nasi tulitia alama moja baada ya nyingine. Kila chumba kilipewa muda wake. Mtu wa pili alikuja kukagua, naye alikaguliwa. Na siku ya mshahara ilipofika, mshahara ulikuwapo. Kima cha chini cha mkoa ule kwa wakati huo kilikuwa yeni 960 kwa saa. Sisi tulipewa zaidi, si kwa huruma, bali kwa kuwa watu wa kazi walikuwa adimu na hoteli zilinyang'anyana.

Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Sisi tunaona vinaelea, tunasema vimezaliwa hivyo. Hata historia ya Wajapani wenyewe inatukanusha. Zamani vitu vilivyotengenezwa Japani vilisifika duniani kwa urahisi wa bei na ubovu. Baada ya vita, mwaka 1950, walimwalika Mmarekani aitwaye W. Edwards Deming awafundishe namna ya kupima na kusimamia ubora viwandani. Mwaka uliofuata wakaanzisha tuzo yenye jina lake, nayo hutolewa hadi sasa. Watu waliozaliwa na ubora damuni wangemwita mwalimu wa nini?

Wapo watakaosema nimekwenda ugenini nikarudi mpiga debe. Hasha. Unadhifu ule una bei yake, na wanaousifu hawaitaji bei hiyo. Wenzangu wa chumba cha kulia waliamshwa alfajiri kuandaa kifungua kinywa, wakaachwa huru katikati ya mchana bila malipo, kisha wakaitwa tena jioni hadi usiku. Siku yao ilikatwa vipande viwili, na kilichobaki katikati hakikutosha hata usingizi. Tulilala wanne katika chumba kimoja cha bweni, na kodi ya kitanda ilikatwa kwenye mshahara kabla hatujauona. Theluji ilipoanza kuyeyuka mwishoni mwa Machi, mikataba iliyeyuka nayo. Hakuna aliyefukuzwa, kazi zilikwisha tu, kila mtu akabeba begi lake.

Na hayo yalikuwa kwetu sisi wa msimu. Tangu mwaka 1993 Japani imekuwa na mpango wa kuleta vijana wa nchi maskini kwa jina la kuwafundisha ufundi, na wengi wao wakawa vibarua wasioruhusiwa kumhama tajiri hata akiwatendea vibaya. Kelele zilikuwa nyingi hadi mwaka 2024 Bunge lao likapitisha sheria ya kuuondoa mpango huo na kuweka mwingine badala yake kufikia 2027. Basi asije mtu akaniambia kwamba kule kila jambo huendeshwa na moyo wa ukarimu. Mengine huendeshwa na pasipoti iliyofungiwa njia.

Lakini angalia, ndugu msomaji, jinsi uovu huo nao unavyothibitisha hoja yangu. Wema wao ni mpango, na ubaya wao ni mpango. Mpango ukiwa mbaya, hupigiwa kelele na kubadilishwa. Damu haibadilishwi kwa sheria. Ndiyo maana tajiri mvivu huipenda sana hadithi ya damu: ikiwa uchafu wa chumba ni kosa la damu ya mfagiaji, yeye hadaiwi kitu.

Sasa nirudi Moshi. Katika nyumba ya mjomba yupo binti mmoja anayesafisha vyumba vyote kumi na viwili peke yake. Nilimkuta koridoni amepiga magoti. Aliniamkia kwa adabu, nami nikatazama ndooni. Ndoo ni moja, na dekio ni moja, lile lile la chooni na la chumbani. Nilimuuliza kama aliwahi kuonyeshwa namna ya kutandika kitanda. Akasema aliambiwa tu kwamba wageni hawataki uchafu. Nilimuuliza habari ya mshahara, akainamisha uso. Alikuwa anadai miezi miwili. Mwenye kumdai kazi kwa ukali ni yule yule anayedaiwa naye fedha, naye jioni hukaa barazani akisifu Wajapani!

Mjomba atasema hana mtaji wa hoteli ya Hokkaido. Sijamwomba mtaji huo. Simwombi maji ya moto ya chemchemi wala mashine ya kufyonza vumbi. Ndoo ya pili ni bei ya soda chache. Kuchana kanga kuukuu vipande na kuvishona nyuzi za rangi mbili, kimoja cha choo na kimoja cha meza, ni kazi ya saa moja. Orodha huandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari. Kumwonyesha mtu kazi kwa siku tatu bila kumtukana hakuhitaji mkopo wa benki. Na kumlipa siku mliyopatana si mila ya Kijapani kabisa. Imo katika Sheria yetu wenyewe ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

Akishafanya hayo yote, na chumba kikabaki kichafu, hapo ndipo nitakubali kukaa naye tulaumu uvivu wa binti yule. Kabla ya hapo, kumwita mvivu ni kumsingizia.

Ile kadi ya mgeni nimeibandika ukutani juu ya meza ninayoandikia. Haina jina langu wala la dada wa Kinepali, na kwa hilo simlaumu aliyeiandika, kwani hakutuona. Mjomba anamwona msafishaji wake kila siku asubuhi. Nitakapokwenda tena Moshi nitamchukulia binti yule ndoo, na mjomba nitampa makala hii. Nitaanza kwa shikamoo, kama ipasavyo, kisha nitamuuliza mshahara wa miezi miwili umefikia wapi.