Pampu Kubwa Si Dawa ya Kiu

Maji yanapopungua bombani, shauri la kwanza linalosikika ni moja: inunuliwe pampu kubwa zaidi. Shauri hilo lina sura ya busara; lakini katika sehemu za pwani kama Mkokotoni, kaskazini ya Unguja, laweza kuleta hasara mbili kwa pamoja, ya fedha na ya kisima chenyewe.

Pampu haifai kuchaguliwa kwa nguvu zake za farasi peke yake. Yapo maswali mawili ya kujibiwa kwanza: maji kiasi gani yatakiwa kwa saa, na yapandishwe kimo gani kwa jumla? Kimo hicho si ule urefu tu wa kutoka usawa wa maji kisimani hadi juu ya tangi. Hapana budi kuongeza msuguano wa maji ndani ya bomba.

Na uchukuliwe mfano. Maji ya kisima, yakivutwa, yako mita 25 chini ya ardhi. Tangi liko mita 10 juu yake. Bomba lina urefu wa kilomita moja. Yatakiwa mita za ujazo 10 kwa saa. Kimo ni mita 35. Bomba likiwa na kipenyo cha milimita 50, msuguano huongeza mita 43 hivi, na jumla huwa 78. Kipenyo kikiwa milimita 75, msuguano hushuka hadi mita 6 hivi, na jumla huwa 41. Kisima ni kile kile, tangi ni lile lile. Lakini bomba jembamba hukaribia kudai umeme maradufu. Fedha iliyookolewa dukani hulipwa kila mwezi.

Tena, msuguano hukua takriban kwa mraba wa kasi ya maji. Mita za ujazo 40 zikipelekwa kwa saa 8 badala ya 4, zile mita 43 huwa 11 hivi. Haba na haba hujaza kibaba. Na tangi nalo hujazwa hivyo, kwa umeme kidogo zaidi.

Hasara ya pili ni nzito zaidi. Pwani, maji matamu yaliyomo katika miamba ya matumbawe huelea juu ya maji ya bahari, kwa kuwa ni mepesi. Kwa kanuni ya Ghyben na Herzberg, kila mita moja ya maji matamu juu ya usawa wa bahari huwa na mita 40 hivi chini yake. Kuyashusha nusu mita tu kwaweza, hatimaye, kuinua chumvi mita 20. Pampu yenye pupa huialika bahari kisimani.

Watakuwapo watakaosema kuwa umeme hauaminiki, hivyo maji yavutwe upesi unapokuwapo. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: Unguja ilikosa umeme wa gridi karibu mwezi mzima mwaka 2008, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010. Lakini umeme ukikatika, pampu kubwa na ndogo hulala pamoja. Akiba hukaa katika tangi.

Yafaa basi kisima kipimwe kwanza: kivutwe kwa saa nyingi, huku usawa wa maji na chumvi yake vikiandikwa. Kisha lichaguliwe bomba, kisha tangi. Na pampu iwe ya mwisho.