Usitupe taa za Krismasi, zifunze kutii laptopu

Desemba ikifika utaona watu wakinunua taa mpya za kuendeshwa kwa simu, na zile za mwaka jana zinaishia kwa pipa zikiwa bado nzima. Wewe usifanye hivyo. Hizo za simu hutegemea app ya mwenye kiwanda. Siku akiichoka, umebaki na kamba. Za zamani zinaweza kutii kompyuta yako mwenyewe, na kazi hiyo ilinifunza mengi kuliko darasa nililoliacha mwaka wa pili.

Anza na zile za USB. Ni volti 5 tu, nyaya mbili. Shuka Luthuli Avenue utafute Arduino (hata ya kuiga inatosha), transista na rezista. Kata waya wa hasi, upitishe kwenye transista, halafu kaa chini uandike programu: ziwake, zififie polepole, zifuate mdundo wa gengetone ukitaka. Usitarajie kila balbu iwe na akili yake, kwa sababu kamba ya kawaida huwaka yote au huzima yote. Ukitaka zipokezane, tumia kamba tatu, kila moja na transista yake.

Zile za kuchomeka ukutani ni hadithi nyingine. Hiyo ni stima ya volti 240, bana. Kile kiboksi cha kubonyeza mitindo minane mara nyingi hakina transfoma ndani, kwa hivyo usikifungue kikiwa kwa soketi. Mimi nilitumia rilei, nikapanga taa ziwake na kuzima kila sekunde. Kak, kak, kak, usiku kucha. Sikujua kwamba rilei nyingi ndogo hupimiwa takriban mara 100,000 zikibeba mzigo kamili. Piga hesabu: mara moja kwa sekunde, hizo ni saa 28 hivi. Yangu iligandia kwenye kuwaka. Programu inasema zima, taa zinanicheka. Kama lazima ucheze na hizo, tafuta rilei ya elektroniki, ifunike vizuri, na fundi wa stima aikague kabla hujawasha.

Mimi nimerudi kwa USB. Kamba tatu dirishani, na mtoto wa jirani aliyekuwa akiuliza nani anazibonyeza. Nilimwonyesha laptopu. Sasa kila jioni yuko mlangoni, anataka kuandika mtindo wake.