Nyota ya Uzi

Watu wengi hudhani ya kuwa kazi ya mkono ni ya mtoto aliyeshindwa na vitabu. Ajuaye hesabu, husema, na apewe kalamu. Asiyejua, na apewe sindano. Mimi naona fikira hiyo si kweli, tena ina madhara, na hapa nitaeleza sababu zangu. Nataka kila mwanafunzi wa darasa la juu, mvulana na msichana, ajifunze kufuma kwa kulabu. Na kazi yake ya kwanza isiwe kitambaa cha meza, bali nyota moja ndogo yenye ncha 5, iliyokwisha kamili.

Kwanza tufahamu kazi yenyewe. Mwenye kutarizi anacho kitambaa tayari, naye hukipamba. Mwenye kufuma kwa kulabu hana kitu ila uzi, na kijiti kimoja chenye ndoana ndogo mwishoni. Huvuta kitanzi ndani ya kitanzi, na katika hicho huvuta kingine, hata vitanzi vinakuwa mnyororo, na mnyororo unakuwa pambo. Kila kitanzi hushikwa na kile kinachokifuata. Ukiuvuta uzi kabla ya kuufunga, kazi yote hufumuka mpaka mwanzo wake, na uzi hubaki mzima, tayari kufumwa tena.

Nyota hufumwa hivi. Fanya mnyororo wa vitanzi 5, uunge mwisho wake na mwanzo upate pete. Ndani ya pete hiyo fuma mashono 10, yasizidi wala yasipungue, kisha uunge la mwisho na la kwanza. Hicho ndicho kiini cha nyota. Sasa fanya ncha. Toa mnyororo wa vitanzi 4. Ruka kile kilicho karibu na kulabu, urudi chini juu ya vile 3 vilivyobaki: cha kwanza kwa shono fupi, cha pili kwa shono la kadiri, cha tatu kwa shono refu. Ndipo ncha itakuwa nyembamba juu na pana chini. Halafu ruka shono moja la kiini, ufunge katika linalofuata. Kila ncha imechukua mashono 2; basi ncha 5 zitamaliza yote 10, nawe utajikuta umerudi pale ulipoanzia.

Angalieni sasa jinsi uzi usivyomhurumia mtu. Mwanafunzi akihesabu 9 badala ya 10, ncha 4 zitakaa vizuri, na ya 5 haitapata nafasi yake. Hapana haja ya mwalimu kuandika alama ya kosa kwa wino mwekundu. Nyota yenyewe imekwisha kusema. Na dawa yake ni nyepesi: fumua, hesabu tena, fuma tena. Hesabu iliyokosewa katika daftari hufutwa na kusahauliwa, lakini iliyokosewa katika uzi mtoto hujua mwenyewe mahali ilipoharibika, na kwa sababu gani.

Hii ndiyo sababu ya kuanza na kitu kidogo. Mama aendaye soko la Mwanakwerekwe amekwisha kuigawa fedha yake kabla hajatoka nyumbani: hii ya mchele, hii ya samaki, hii ya mafuta, hii ya sabuni. Fedha ya uzi hutoka katika hiyo hiyo. Mtoto akianza na kitambaa cha meza, atanunuliwa madonge mengi. Juma la kwanza atafuma kwa furaha, juma la pili atachoka, na juma la tatu kazi itakuwa chini ya kitanda pamoja na vumbi. Fedha imepotea; na zaidi ya fedha, mtoto amejizoeza kuacha kazi katikati. Nyota huhitaji uzi kidogo tu, na mwenye kujifunza aweza kuimaliza siku ile ile, hata akiifumua mara tatu. Bandu bandu huisha gogo. Afumaye nyota 20 moja moja amekwisha pata pambo la mlango mzima, na kila siku amelala akijua kwamba amemaliza kitu.

Aliyeijua nyota na ajaribu duara. Aanze na mashono mafupi 6, na kila mzunguko aongeze 6: yaani 6, kisha 12, kisha 18, kisha 24, kisha 30. Akishika kanuni hiyo duara lake litalala bapa mezani. Kwa nini 6? Mmefundishwa ya kuwa mzingo wa duara ni nusu ya kipenyo mara 2, mara 22/7. Basi nusu ya kipenyo ikizidi kwa shono moja, mzingo huzidi kwa 44/7, nayo ni 6 na kitu kidogo. Na kwa kuwa shono fupi urefu wake na upana wake hukaribiana, 6 hutosha. Akiacha kuongeza, kingo zitainuka, naye atapata kofia. Akiongeza kupita kiasi, kingo zitajikunja mawimbi mawimbi kama mwani. Lililo kosa katika kitambaa ndilo kanuni katika kofia. Yote ni hesabu.

Wala msidhani ya kuwa nasema haya ili kuwapendeza wapendao sindano. Mwaka 1997 mwalimu wa hesabu, Daina Taimina, aliyezaliwa Latvia na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani, alitaka kuwaonyesha wanafunzi wake namna ya uso ambao hujikunja mawimbi pande zote. Vielelezo vya karatasi vilikuwa vikichanika upesi. Akatwaa kulabu na uzi, akaongeza mashono kwa kanuni moja kila safu, akapata kitu kilichoweza kushikwa na kukunjwa bila kuharibika. Baadhi ya matumbawe ya baharini yana mikunjo ya namna hiyo hiyo, na sisi watu wa Unguja tunayo katika miamba yetu. Basi wasomi wa chuo kikuu wameshika kulabu ili waelewe hesabu. Nasi tuiite kazi ya wajinga?

Tena jambo hili lina habari yake hapa kwetu. Mbweni, kusini mwa mji, si mbali na Mwanakwerekwe, palikuwa na shule ya Mtakatifu Maria ya Misheni ya Vyuo Vikuu, na magofu yake yangaliko. Wasichana wengi wa kwanza waliosoma hapo walikuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa. Bibi Caroline Thackeray alifika mwaka 1877, akaongoza shule hiyo miaka mingi, na wasichana wengi walipata elimu njema. Lakini humo humo waliodhaniwa kuwa wepesi wa vitabu walitayarishwa kuwa walimu, na waliodhaniwa kuwa wazito waliwekwa upande wa kazi, wafue, wapike na kushona. Naheshimu wema uliofanyika pale. Hata hivyo naona mgawanyo ule haukuwa wa haki. Ulimwambia msichana mmoja kwamba mikono yake haina kazi, na mwenziwe kwamba kichwa chake hakina kazi. Mungu amempa kila mtu vyote viwili.

Wavulana nao wasicheke wakasema kwamba haya ni mambo ya wanawake. Tazameni kofia ya viua wanayovaa wanaume wa Unguja pamoja na kanzu. Ina duara juu na ukanda kuzunguka kichwa, nayo hujaa vitundu vidogo vilivyozungushiwa uzi mmoja mmoja kwa mkono, navyo hupitisha hewa kichwani. Kofia moja nzuri huchukua majuma mengi. Mvulana anayejivunia kuivaa siku ya sikukuu, mbona aone haya kujua jinsi vidole vinavyofanya kazi?

Wengine watasema, pambo halimlishi mtu, na dukani kuna mapambo ya plastiki kwa bei ndogo. Nawajibu kwa habari ya Ayalandi. Mwaka 1845 viazi vilianza kuoza mashambani kwa ugonjwa, na njaa iliyofuata iliua watu zaidi ya milioni 1. Wakati ule watawa na wanawake wengine waliwafundisha maskini kufuma vitambaa vya urembo kwa kulabu, maua madogo na majani madogo yakiungwa pamoja. Vikauzwa kwa matajiri, na nyumba nyingi zilipata chakula kwa njia hiyo. Sisemi kwamba nyota itawatajirisha. Nasema kwamba mkono uliofundishwa haumwachi mwenyewe siku ya shida.

Lakini faida kubwa kuliko zote ni hii. Hata leo kazi ya kulabu karibu yote hufanywa kwa mkono, si kwa mashine. Ukikuta kitambaa cha kulabu kinauzwa kwa bei ya bure, jueni ya kuwa kuna mtu mahali fulani ambaye saa zake hazikulipwa. Asiyefuma hata nyota moja hawezi kuona hayo. Huona uzi tu, na kuuliza uzi ni shilingi ngapi. Aliyefuma nyota, akafumua, akafuma tena, hataweza kumvunja bei mama mshona kofia kana kwamba majuma yake si kitu. Tutajifunzaje haki kwa kazi ya wengine, ikiwa mikono yetu wenyewe haikujua kazi?

Katika Matendo ya Mitume tunasoma habari za Dorkasi wa Yafa. Alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro fedha zake wala nyumba yake, ila kanzu na nguo alizowashonea alipokuwa pamoja nao. Hizo ndizo zilizomshuhudia.

Basi, enyi wasomaji, chukueni uzi kidogo na kulabu moja. Hesabuni 10, mtoe ncha 5, mfunge vizuri. Nyota ya kwanza ikikaa upande, msiitupe na wala msiifiche. Fumueni, mwanze tena. Na ile iliyokwisha vema mpelekeeni mama aliyetoa fedha ya uzi.